Seva ya ndani au bando: fedha ya TEHAMA shuleni iende wapi?

Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa kwa walimu wa Tanzania, kilio cha "hatuna kifaa" kilipungua. Kikabaki cha pili: somo lenyewe litoke wapi? Shule yenye fedha kidogo ya TEHAMA ina njia mbili. Ama ilipie intaneti kila mwezi na kutegemea Google Classroom (darasa la mtandaoni), Google Forms (fomu za maswali), Kahoot (mashindano ya maswali) na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ama inunue kompyuta ndogo mara moja, iijaze masomo, wanafunzi wayafungue bila bando; hiyo ndiyo seva ya ndani. Kila upande una watetezi wake, na wote wana la kusema.

Tuanze na hesabu. Video ya dakika tano iliyobanwa vizuri ina kama MB 15. Wanafunzi 40 wakiifungua, kila mmoja kwenye kifaa chake, MB 600 zimekwenda na kipindi hakijafika nusu. Ikikaa kwenye seva ya ndani, hupakuliwa mara moja tu, basi. Ndiyo kazi ya Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, inayokubali kukaa kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), laptop kuukuu ya Windows, hata kishikwambi cha Android. Masomo unayaingiza mahali penye intaneti, au unayahamisha kwa flashi. Darasani wanafunzi wanaunga Wi-Fi ya seva, wanafungua kivinjari na kuandika anwani yake. Mwalimu anapanga somo, anatoa jaribio, na anaona ni nani aliyekwama na kwenye swali lipi.

Wengi hukosea mapema kwa kuvuta kila kitu. Masomo ya video na mazoezi ya Khan Academy peke yake ni makumi ya GB, na memori kadi ya GB 32 hujaa kabla hujafika mbali. Chagua mada, si mkusanyiko mzima. Halafu kuna kazi isiyoingizwa kwenye bajeti yoyote: masomo hayo yalipangwa kwa kufuata mtaala wa Marekani, hivyo lazima mtu akae na muhtasari wa somo, mada kwa mada, aamue video ipi inaingia kwenye azimio la kazi la Kidato cha Pili na ipi iachwe. Kufunga programu ni kazi ya mchana mmoja. Kupanga masomo ni kazi ya likizo nzima.

Umeme nao una visa vyake. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Ukiichomeka kwenye chaja ya simu ya kawaida inaweza kuwaka vizuri asubuhi, kisha ikazima na kujiwasha darasa likishaingia, kwa sababu mzigo umeongezeka. Umeme ukikatika ghafla kadi ikiwa inaandikwa, mafaili huharibika na seva hugoma kuamka. Weka betri ya akiba, na uwe na nakala ya kadi nzima kabatini. Jambo jingine halionekani mpaka mwisho wa muhula: Pi 4 haina betri ya saa. Bila intaneti ya kuirekebisha, kila ikizimwa saa yake hubaki nyuma, na ripoti za majaribio hutoka na tarehe za uongo. Moduli ya saa ya DS3231 huliondoa tatizo hilo. Na Wi-Fi ya ndani ya Pi usiitegemee kwa darasa zima. Vifaa vikizidi kumi na kitu huanza kusuasua. Unganisha ruta kwa waya.

Upande wa bando una hoja moja nzito kuliko zote: mitambo ikiharibika, si wewe unayeamka kuitengeneza. Tena vitabu na mihtasari hubadilika. Maktaba ya Taasisi ya Elimu hukupa toleo lililopo sasa, ilhali seva iliyojazwa mwaka juzi haijui kama kuna mabadiliko. Google Forms nayo husahihisha yenyewe ukishaiweka iwe jaribio na kuandika majibu, na alama zote huingia kwenye jedwali moja. Tahadhari iko kwenye majibu mafupi. Ukiandika "Rufiji" tu, aliyejibu "Mto Rufiji" anakosa. Ongeza kila umbo la jibu unalolikubali, au tumia maswali ya kuchagua. Kahoot naiogopa zaidi. Alama zake hutegemea kasi ya kujibu, kwa hiyo mwenye mtandao mzito hushindwa na jirani yake hata kama wote wanajua.

Kwa maoni yangu, somo la wanafunzi likae kwenye seva na bando libaki ofisi ya walimu kwa maandalizi. Lakini sharti ni moja: watu wawili wajue nywila ya seva na namna ya kuirejesha ikianguka. Ikiwa anayejua ni mwalimu mmoja, siku akihamishwa umebaki na kiboksi. Shule isiyo na mtu wa pili isinunue.

Isitoshe, madarasa mengi hayamo kwenye mjadala huu kabisa, maana yana kishikwambi kimoja na wanafunzi 70. Hapo seva ni anasa. Pakua majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002: kila jaribio la toleo la HTML5 ni faili moja, linafunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Kwenye lile la saketi za umeme, unga balbu mbili mfuatano, waulize itakuwaje moja ikitolewa, wapige kura kwanza, ndipo uitoe. Zote zinazima. Rudia kwa muungano sambamba, na iliyobaki inaendelea kuwaka.

Kura yenyewe ipigwe kwa kadi za Plickers. Kila mwanafunzi anashika karatasi yenye mchoro wake, anaizungusha ili herufi ya jibu lake, A hadi D, iwe juu, na kamera ya mwalimu inasoma darasa zima. Hapo bando dogo la mwalimu peke yake linatosha. Kidole kikifunika mchoro mweusi, kadi haisomeki. Usizipake plastiki ya kung'aa, kwani mwanga wa dirishani huipofusha kamera. Chapisha kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Seti kubwa ina kadi 63, kwa hiyo kwa wanafunzi 70 baadhi yao watumie kadi moja wawili wawili.