Nyanya sita zilizopasuka

Jumamosi iliyopita bibi jirani yangu wa bustanini alinisema kwa sababu ya nyanya sita. Zilipasuka kwa mvua ya usiku, nami nikazitupa kwenye lundo la mboji bila kufikiri mara mbili. Akaingia kwangu, akainama na miaka yake themanini na ushee, akaziokota moja moja, akazifuta kwa aproni, akanionyesha kwa kidole: hapa kata, hapa kata, zinazobaki tia kwenye chupa. Akaenda zake. Niliudhika, sisemi uongo. Mimi mtoto wa Ilula, mkoani Iringa, baba amelima nyanya tangu sijajua kutembea, leo nifundishwe nyanya na mtu wa Leipzig, huku Ujerumani?

Lakini nilipoanza kuzikata nikaiona barabara ya Ilula msimu unapochanganya. Mnaopita pale mkielekea Iringa au Mbeya mnaijua ile harufu. Matenga yamepangwa, fuso halijaja, dalali hapokei simu, na pembeni kuna lundo jekundu ambalo hata mbuzi wamelikinai. Baba aliwahi kumwaga matenga kumi na saba kwa siku moja, maana bei ya sokoni isingelipa hata gari. Hakuna aliyekuja kumsema. Majirani walimpa pole, kesho yake wakamwaga ya kwao.

Hicho ndicho kinachonikaa kooni kila Agosti. Huku nyanya sita ni kesi, kwetu matenga kumi na saba ni bahati mbaya.

Bustani yenyewe si yangu, ni ya kukodi. Huku watu wa ghorofani hukodishwa vibustani pembeni ya mji, na Leipzig ndiko chama cha kwanza cha Schreber kilikoanzishwa, mwaka 1864; Schreber ni daktari ambaye vyama vingi vya bustani hizi vimechukua jina lake. Sheria ya mwaka 1983 inasema kiwanja kisizidi mita za mraba 400, na desturi iliyothibitishwa mahakamani ni kwamba karibu theluthi moja iwe ya matunda na mboga. Ukipanda maua na majani matupu, chama kinakuandikia barua. Nyanya hazipandwi nje kabla ya katikati ya Mei, wazee wanahofia baridi ya zile siku za watakatifu, tarehe 11 hadi 15. Oktoba umande unaganda, mambo yamekwisha. Miezi mitano tu, na humo humo ugonjwa wa bakajani ukiingia unapoteza mistari yote kwa wiki moja.

Basi siku ya kuvuna haina mchezo. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye matango, maana yanataka kuchumwa madogo, urefu wa kidole. Ukichelewa siku mbili yanavimba na mbegu zinakomaa. Unayasugua kwa brashi mpaka vichunusi vitoke. Unayasimamisha kwenye chupa, yabanane, katikati unachomeka kitunguu, mbegu za haradali na kichwa cha shibiti kilichochanua. Siki, maji, chumvi na sukari vikichemka unamimina, unafunga, unazipanga chupa ndani ya sufuria kubwa ya maji, unaweka kipimajoto. Nyanya zinatumbukizwa kwanza kwenye maji ya moto, ganda litoke, kila chupa inaongezwa maji ya limau, kisha digrii 90, dakika thelathini. Ukizitoa unazipanga juu ya taulo na kusubiri. Kifuniko kikishanyonywa katikati kinalia tak! Jikoni kwangu jana jioni zililia tak, tak, tak mpaka saa nne usiku, nami nimekaa tu nasikiliza. Sijui kama kuna sauti nzuri kuliko hiyo katika nchi hii.

Najua tayari kuna anayeandika: huyu kakaa kwa Wazungu miaka tisa, sasa anajifanya mwalimu. Ndugu yangu, ngoja kidogo. Sijasema Wajerumani wana akili kuliko sisi. Bibi jirani alilea watoto wakati wa Ujerumani Mashariki, duka lilikuwa na kabichi leo, kesho halina kitu, kwa hiyo stoo yake ya chini ya nyumba ilikuwa ndiyo duka. Shida ndiyo iliyomfunza. Sisi shida tunayo, tumepungukiwa wapi?

Mwingine atasema kwetu mboga zipo mwaka mzima, chupa za nini? Zipo kweli. Lakini masika si unaipanga foleni ya bei pamoja na mimi? Fungu la nyanya nne, mbili ndogo, na wewe unalipa. Kisha unaingia dukani unanunua nyanya ya kopo iliyopanda meli kutoka ng'ambo. Mama wa Ilula aliyemwaga zake Agosti, Aprili ananunua kopo la mgeni. Hilo silisemi kwa kiburi, nalisema kwa sababu mama huyo ni mama yangu.

Na msiniambie kuhifadhi ni mambo ya Ulaya. Bibi yangu mzaa mama, Tabora, hakuwahi kuona kipimajoto. Majani ya kunde aliyachemsha kidogo, akayaanika, yakawa nsansa. Viazi vitamu vibichi alivikata vipande, akaanika, michembe. Vingine akachemsha kwanza ndipo akakata na kuanika, matobolwa. Kiangazi ndicho kilikuwa baridi yake, naye alikisubiri akiwa na mitungi imejaa. Nsansa ile ikiungwa kwa karanga, hakuna mboga ya Leipzig itakayoisogelea. Jua hilo hilo mimi hapa sina. Nyanya nikitaka kuzikausha nawasha oveni kwa saa nane na kulipia umeme. Nanyi mnalo bure, linawachoma migongo.

Tumefanya nini na elimu ya bibi? Tumeiita chakula cha njaa. Mgeni akija tunaificha. Mimi mwenyewe nilipokuwa bweni alinifungia mfuko wa michembe, nikaugawa njiani kabla ya kufika shule, wenzangu wasiuone. Bibi amefariki, sikuwahi kumwambia. Kwa hiyo anayenishtaki kwa kuwadharau watu wa nyumbani ajue kesi yangu ni ya zamani kuliko anavyofikiri.

Kuna hoja moja nakubali kabisa. Desemba iliyopita nilipomweleza kaka habari hizi alinisikiliza vizuri, akaniuliza: "Dada, chupa nazipata wapi?" Sikuwa na jibu. Msimu wa Ilula, chupa tupu yenye kifuniko kizima ina bei kuliko nyanya zitakazoingia ndani. Ongeza mkaa. Shemeji yangu alijaribu kwa chupa alizookoteza, vifuniko vimelegea, wiki ya pili povu likatoka, akamwaga zote, na vizuri alimwaga. Mtu huyo ukimwita mvivu unamkosea. Amekosa kifuniko, basi.

Jana usiku nilimpigia mama simu ya video nikamwonyesha meza: chupa kumi na nne za matango, kumi na moja za nyanya, na moja kati ya hizo ni ya zile sita zilizopasuka. Akaniambia nisogeze simu karibu. Akavitazama vifuniko muda mrefu kuliko nyanya. Kisha akasema, "Subiri, mwanangu," akaondoka na simu ikabaki inatazama dari. Nikasikia kabati linafunguliwa, vyombo vinagongana. Alirudi na futi ya kushonea na chupa ya siagi ya karanga, akaipima mdomo mbele yangu.

"Andika," akasema. "Sentimita saba. Ninazo ishirini na mbili."