Mbwa anayelipukia boda: fimbo au maini?

Jirani yangu ana mbwa wa kienyeji, Simba, na boda ikikaribia geti tu analipuka, manyoya ya mgongo yamesimama, anavuta kamba mpaka anakohoa. Juzi fundi aliyekuja kuchomelea geti akamwambia huyo kakuzoea, mchape mbili tatu atanyooka. Hapo ndo nikaanza kubishana, mi nikasema tumfundishe kwa upole, boda ikitokea apewe vipande vya maini.

Ila fundi naye tumpe haki yake. Ukimchapa anaweza kweli akanyamaza palepale, na kama watoto wa mtaa wanapita hapo kila siku we miezi ya kubembeleza mbwa unaitoa wapi, akimng'ata mtoto ni sindano za kichaa cha mbwa na ujirani ndo umekufa. Alafu upole unachosha bana. Unataka maini, unataka muda, unataka nyumba nzima mkubaliane, sio we unambembeleza dada wa kazi anamrushia ndala.

Shida yangu iko kwenye huko kunyamaza. Mbwa wa hivi mara nyingi ni muoga, wala sio kiburi, na kunguruma ndo honi yake. Sasa umeichapa honi imekufa, woga uko palepale, siku akiuma watu wanasema kauma ghafla. Ghafla wapi, si mlimkataza kusema!

Kuna utafiti wa 2009 wa kliniki ya tabia za wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliuliza wenye mbwa 140 wamejaribu nini na mbwa akafanyaje. Kwa waliowahi kupiga au kurusha teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwageukia kwa ukali. Hata kumkazia macho tu, asilimia 30. Utaambiwa ah, hao walikuwa mbwa wa kliniki, tayari wana matatizo, usiwalinganishe na mbwa wote. Ni kweli, na mi hiyo hoja naipenda sana, maana mbwa anayeshauriwa kuchapwa ni nani kama sio huyohuyo mwenye matatizo? Mbwa mpole nani anamchapa?

Eti maini ni kumzawadia ubaya. Hapana, angalia mpangilio. Simba analipuka boda ikiwa kama mita kumi, so tunasimama mbali, thelathini hivi, boda ikitokea ndo maini yanatoka, ikipotea maini yanaisha. Akishaanza kubweka ujue mmesogea mno. Na geti linafungwa muda wote, hilo halina mjadala, upole sio kumwachia mbwa barabara.

Jumamosi ilipita boda ya mkaa, Simba akaiangalia, akageuka akaangalia mfuko wa jirani. Jirani alicheka kama kashinda mkeka. Dakika tano baadae ikaja nyingine inapiga honi, akalipuka vilevile, tukarudi nyuma hatua kumi.