Hama, hamia, hamishwa

Mwaka jana nilikuwa nasahihisha mtihani wa utimilifu wa kidato cha nne. Swali la mwisho liliwataka wanafunzi waeleze madhara sita ya uhamaji katika maeneo wanakofikia wahamiaji. Nikafika kwenye karatasi ya msichana mmoja wa dawati la mbele, mpole, mwandiko wake umelala kulia kama majani ya mpunga. Hoja ya kwanza: wahamiaji huharibu mazingira kwa kukata miti na kuingiza mifugo mingi. Ya pili: huleta migogoro ya ardhi. Ya tatu: huongeza uhalifu. Zote sita zililingana na mwongozo wa kusahihishia. Nikampa alama zote.

Sikuweza kugeukia karatasi iliyofuata. Baba yake namfahamu. Alikuja huku Katavi, magharibi mwa Tanzania, kutoka Maswa, Usukumani, akiwa kijana, yeye na kaka zake, wakiswaga ng'ombe wa baba yao kwa miguu. Ndiye aliyetuletea magunia mawili ya mchele mwaka ule chakula cha bweni kilipokata katikati ya muhula. Na binti yake alikuwa ameandika ukurasa mzima kwamba watu kama baba yake ni balaa, mimi nikaweka alama ya vema kwa wino mwekundu, mara sita.

Nafundisha jiografia huku mwaka wa kumi na moja sasa, na mada ya idadi ya watu naipenda kuliko zote. Ndiyo maana naandika haya. Tunawafundisha watoto wetu kujiandika wao wenyewe kama tatizo, na tunawapa alama kwa hilo.

Nianze na namba, kwa sababu kwenye namba ndiko nilikoanza kuona. Sensa ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ilikuta Tanzania ina watu 61,741,120. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3. Kasi ya ongezeko kati ya 2012 na 2022 ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu huwa maradufu kila baada ya miaka 22 hivi. Yote haya yamo kwenye noti, wanafunzi wanayakariri vizuri. Hata kishikwambi ninachofundishia ni cha sensa ileile, maana walimu tuligawiwa vilipomaliza kazi. Siku moja niliweka noti pembeni, nikaandika ubaoni namba mbili tu: 564,604 na 1,152,958. Nikauliza hizi ni nini. Kimya. Nikawaambia ya kwanza ni watu wa mkoa wetu mwaka 2012, ya pili ni mwaka 2022.

Kijana mmoja wa nyuma akagawanya kwa kidole hewani, akasema, "Mwalimu, tumezidi mara mbili."

Ndiyo. Asilimia 7.1 kwa mwaka. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua hivyo. Tukapiga hesabu pamoja: kama Katavi ingekua kwa mwendo wa taifa zima, mwaka 2022 tungekuwa kama 775,000. Wamezidi watu zaidi ya 370,000. Wametoka wapi? Darasa likaanza kucheka kabla sijamaliza swali. Nikasema, asiyezaliwa Katavi asimame. Wakasimama kumi na wanne kati ya arobaini na watatu. Nikasema, na ambaye babu yake hakuzaliwa Katavi naye asimame. Waliobaki wamekaa walikuwa saba. Wakawa wanaangaliana, wengine wameshika mdomo, kwa sababu walikuwa hawajawahi kuuona mkoa wao ukiwa umesimama mbele yao hivyo.

Hapo tukaweza kuongea vizuri. Si wote hao wa ziada waliofika na mizigo yao. Wengine walizaliwa hapa na wazazi waliofika. Na waliofika wenyewe hawakufika kwa njia moja. Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa bure kitu ambacho hatukitumii, kwa kuwa mada yote tunaifundisha kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Kuhama ni kuacha mahali. Kuhamia ni kufika na kujenga. Kuhamishwa ni mwingine kuamua kwa niaba yako. Kuhamahama ni kuishi njiani pamoja na mifugo. Kukimbia hakutokani na mzizi huo, lakini huku kwetu huwezi kusimulia habari za watu bila neno hilo. Mtoto wa darasa la nne anajua tofauti ya maneno haya bila kufundishwa. Akifika kidato cha nne tunamwambia ayaweke yote kapu moja, aorodheshe sababu za msukumo na sababu za mvuto, basi.

Katavi ina wote hawa. Wasukuma walihamia. Kwao malisho yalikuwa yamebana, mashamba yamegawanywa kwa watoto hadi yakaisha, na waliotangulia walirudi wakisimulia mabonde mapana yanayokubali mpunga. Hao wakaja na plau, mikokoteni ya ng'ombe na ujuzi wa kilimo ambao leo unalisha miji. Warundi wa mwaka 1972 walikimbia mauaji. Walipokelewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, baadaye na Mishamo, wakafyeka pori, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na watoto wao walipewa uraia, wakiwamo wale wa Ulyankulu kule Tabora. Nina mwanafunzi ambaye bibi yake alivuka mpaka akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Mtoto huyu ni Mtanzania, anaongoza kwaya, anashika namba mbili kwenye hisabati. Kwenye orodha ya madhara sita, yeye ni namba ngapi?

Halafu kuna wenyeji, Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, ambao kila mtu anadhani wao hawakuondoka mahali. Mzee mmoja wa Kipimbwe tulimwita darasani. Aliingia na fimbo yake, akakaa, akaomba maji kwanza. Akasema kwao hakuna kizazi kilichozeeka pale kilipozaliwa. Wazazi wake walisimuliwa habari za kukusanywa na Waingereza kwa ajili ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na yeye mwenyewe alishuhudia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakiacha miembe yao nyuma na kupangwa kando ya barabara. "Miembe ipo hadi leo," alisema. "Ukiona miembe porini, mwanangu, jua hapo palikuwa na mlango wa mtu."

Sentensi hiyo ya miembe imebadilisha ufundishaji wangu kuliko semina yoyote. Maana kitabu kinasema magharibi mwa Tanzania kuna watu wachache kwa sababu ya mbung'o. Mwanafunzi anaandika mbung'o, anapata alama. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilifyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Ng'ombe walipokufa watu wakafa njaa au wakaondoka, mashamba yakarudi vichaka, na vichaka ndivyo makao ya mbung'o. Kisha miaka ya 1920 na 1930 serikali ya mkoloni ikawakusanya waliobaki kwenye makazi ya pamoja ili kupambana na malale, na ardhi waliyoiacha ikazidi kuwa pori. Sehemu ya pori tunalolichora kwenye ramani kama la tangu kuumbwa ilikuwa vijiji.

Ndivyo ilivyo kila ninapogusa mtawanyiko wa watu. Lindi ina watu 18 kwa kilomita moja ya mraba. Jibu la kitabu ni mvua na udongo. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma vyakula, havitajwi, kwa kuwa hiyo ni historia na ina mwalimu wake chumba cha pili. Kule Umatengo, mkoani Ruvuma, watu wamejaa milimani kwenye miteremko mikali ambayo, kwa sheria za kitabu, ingepaswa kuwa tupu. Walipanda huko karne ya 19 wakikwepa mashambulizi ya Wangoni, na ili waweze kuishi pale wakavumbua ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo usiteremke. Na kisiwa cha Ukara ndani ya Ziwa Victoria kimebeba watu wengi kwa vizazi kadhaa kwa sababu Wakara waliwafungia ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakarudisha kila chembe ya samadi shambani. Nikimaliza kufundisha nadharia ya Malthus ya mwaka 1798, kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, nawapeleka Ukara kwa maneno. Nawaambia vilevile kwamba Wakara wengi walihama kwenda bara, kwa hiyo Malthus naye wasimtupe.

Ongezeko lenyewe nalo tunalifundisha kama ugonjwa. Madhara ya ongezeko la watu, hoja tano. Lakini tumeongezeka kwa sababu gani? Utafiti wa afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Mimi mama yangu alizika wawili. Hilo ndilo ongezeko la watu ninalolijua: chanjo, vyandarua, na akina mama ambao siku hizi hawaziki. Uzazi nao unapungua taratibu, wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, 5.5 vijijini na 3.6 mijini, na wanafunzi wangu wa kike wakiziona namba hizo mbili za mwisho wanakuwa na mengi ya kusema kuliko niliyoyaandaa. Mwalimu anayeanza mada hii kwa kuwaambia watoto arobaini kwamba wamezidi anakosea, hata kama namba zake ni sahihi.

Sisemi uhamaji hauna madhara. Niko Katavi, siwezi kusema hivyo. Mto Katuma, ambao ndio uhai wa hifadhi yetu ya taifa, kiangazi unakauka kwa sababu maji yanazuiwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na viboko wanabanana kwenye tope mamia kwa mamia, wanapigana, wanakufa. Wakulima na wafugaji wameumizana, na kuna majina ya marehemu ambayo kila mtu kijijini anayajua. Watoto lazima wajifunze haya, na wayajifunze kwa undani. Lakini undani ni kuuliza maji yalizuiwa na nani, kwa kibali cha nani, mpunga huo unaliwa wapi. Ni kuuliza kwa nini mfugaji aliyeondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 alitokea Lindi na ng'ombe wake, na kama kuna mtu aliyewauliza watu wa Lindi. Ukiandika tu "wahamiaji huharibu mazingira" umeruka maswali yote hayo na kumwachia mzigo mtu mmoja aliyesimama karibu.

Na neno lenyewe, mhamiaji, limeanza kuoza masikioni mwetu. Kwenye taarifa za habari halisikiki siku hizi bila neno haramu nyuma yake. Mchaga aliyetoka Rombo kwenda kufungua duka Kariakoo haitwi mhamiaji, wala mimi mwalimu niliyeletwa huku na barua ya ajira siitwi. Mkoa wa Kilimanjaro umekua kwa asilimia 1.3 tu kwa mwaka, na sababu kubwa ni kwamba kihamba, shamba la urithi la Wachaga, hakigawanyiki tena na vijana wameondoka, ndiyo maana mabasi ya Desemba yanajaa. Hiyo tunaiita kutafuta maisha. Mtu wa Maswa aliyefanya jambo hilohilo, ila na ng'ombe, tunamwita tatizo.

Wenzangu ofisini wananiambia vipindi havitoshi, mtihani wa taifa unauliza hoja, na mzazi anataka matokeo. Nawaelewa, matokeo nayataka na mimi. Hoja sita bado nawafundisha. Ila sasa mada naianza kwa wiki moja ya kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi aende kwa mtu mzima kuliko wote kwao, amuulize amezaliwa wapi, amepita wapi, na kila mahali aliondoka kwa nini, halafu achore njia hiyo kwenye karatasi na kuandika kitenzi kwa kila kituo. Alihama, alihamia, alihamishwa, alikimbia. Wanarudi na mambo ambayo mimi sina kitabu chake. Namwomba kila anayetunga mtihani au kuandika kitabu cha somo hili aweke nafasi ya swali kama hilo, hata la alama tano.

Yule msichana wa dawati la mbele alimhoji baba yake. Njia aliyoichora inatoka Maswa, inashuka Shinyanga, Nzega, Tabora, Sikonge, inaingia Inyonga na kuishia Mpanda. Ng'ombe kawachora wadogo kama njugu. Kwenye Mto Koga mstari unakatika kidogo, na pembeni ameandika kwa ule mwandiko wake uliolala: "Hapa walikaa siku tisa kungoja maji yapungue. Shangazi alizaliwa hapa." Nikamuuliza kwa kituo hicho ameweka kitenzi gani. Akasema, "Sijakipata bado, mwalimu. Nitamuuliza shangazi Jumapili."