Maridhiano ya Zanzibar: vyeo viligawanywa, kura zikabaki

Wapo Wazanzibari wanaoiona Serikali ya Umoja wa Kitaifa, iliyoundwa ili CCM itawale pamoja na chama kikuu cha upinzani, kama njia ya kuwanyamazisha wapinzani kwa vyeo. Wapo wanaosema bila hiyo damu ingeendelea kumwagika. Mimi naanza na hawa wa pili, kwa sababu Januari 2001 haisahauliki: waandamanaji wa CUF, chama kikuu cha upinzani visiwani wakati huo, waliopinga uchaguzi wa 2000 walipigwa risasi, Pemba hasa, na mamia wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikatoa wa kwake. Na hata siku zisizo na risasi, mtu wa CCM na mtu wa CUF walisusiana maduka na mazishi.

Muafaka wa 1999 na wa 2001 kati ya CCM na CUF ulitiwa saini na wakubwa, lakini chuki mitaani ikabaki palepale. Mazungumzo ya tatu yakakwama kwenye kikao cha CCM Butiama 2008, CCM ilipotaka kura ya maoni kwanza. Ndipo tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, wakakutana wenyewe Ikulu ya Zanzibar. Julai 2010 wananchi asilimia 66.4 wakaridhia serikali ya pamoja. Oktoba Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akamshinda Maalim katika uchaguzi wa urais wa Zanzibar kwa takriban asilimia moja, Maalim akakubali, na watu wakalala salama. Kwa visiwa vyenye historia ile, hilo ni jambo kubwa mno.

Lakini wakosoaji nao wana 2015. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi kura zikiwa bado zinajumlishwa. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikisha asilimia 10 za kura za urais, kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais, kilichotengwa kwa upinzani, kikabaki kitupu kwa miaka. Maridhiano yote yalikuwa yameegemea uchaguzi ambao kila upande ungekubali kuuingia, na uchaguzi wenyewe haukuwa umerekebishwa.

Mwaka 2020 ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim kutoka CUF, ililalamikia kura na mauaji, kisha Desemba Maalim akaingia serikalini kama Makamu wa Kwanza. Wafuasi wengi waliumia moyoni. Naelewa uchungu wao, ila naamini alifanya sawa, kwani kukaa nje kati ya 2016 na 2020 hakukuleta Tume bora.

Kosa liko mbele zaidi ya vyeo. Wazanzibari walikubaliana nani aketi wapi. Hawakukubaliana vya kutosha nani ahesabu kura. Tena polisi na jeshi ni mambo ya Muungano, kwa hiyo ahadi ya viongozi wawili wa Zanzibar haiwafungi wanaotoa amri siku ya uchaguzi. Mazungumzo yajayo yaanze na muundo wa Tume, na Serikali ya Muungano ikae mezani kama mhusika, isije kama msuluhishi.