Hao Hawahitaji Kosa

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani. Tumekaa chini ya turubai, kahawa inazunguka, na kama kawaida ya misiba yetu ikifika siku ya pili, mazungumzo yakahama kutoka kwa marehemu yakaingia siasa. Kijana mmoja, sidhani kama amefika miaka 30, akamtaja mwanasiasa anayemkera. "Huyu enzi za Mwalimu angekuwa kizuizini zamani, na nchi ingetulia." Watu wakacheka. Nikamuuliza, kwa kosa gani? Akanigeukia kwa upole kabisa: "Dada, hao hawahitaji kosa."

Sijatulia tangu siku ile. Kijana yule sidhani kama amewahi kuiona Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, lakini kaieleza kwa maneno matatu na hakukosea hata moja. Rais akiridhika kwamba mwenendo wako ni hatari kwa amani na usalama, anatia saini na wewe unachukuliwa. Haulizwi mtu umetenda nini. Kuridhika kwake kunatosha. Na mpaka ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1985, sheria yenyewe ilitamka kwamba amri hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Kamati ya ushauri ilikuwepo, ndiyo. Ushauri wake haukumbana Rais.

Najua nitakachoambiwa: nchi ilikuwa changa, jeshi liliasi, Wareno walikuwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Hatari zilikuwepo, sibishi. Ila tazameni tarehe. Sheria ilipitishwa 1962, na askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi Januari 1964. Maasi hayawezi kuwa sababu ya sheria iliyoyatangulia. Na Novemba ya mwaka huohuo wa 1962 tulipiga kura ya rais: Zuberi Mtemvu wa chama cha upinzani cha Congress alipata kura 21,276, Mwalimu akapata zaidi ya milioni 1.1. Upinzani wote wa nchi haukufika asilimia 2. Serikali inayopendwa kiasi hicho ilikuwa inamwogopa nani? Waulizeni viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa miaka ile. Kasanga Tumbo, mtu wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliacha ubalozi London akarudi kufanya siasa za upinzani. Aliishia kizuizini. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri wa Mwalimu, alipokimbilia Uingereza mwaka 1967, ndugu zake Otini na Mattiya waliobaki nyumbani waliwekwa ndani miaka mingi.

Pale msibani mzee mmoja alinijibu kwa hoja ambayo nimeitafakari wiki nzima. Alisema, "Mwanangu, kizuizi kilimwokoa Babu." Ni kweli. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, alikamatwa baada ya Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, kuuawa Aprili 7, 1972, akakaa kizuizini Bara mpaka 1978. Zanzibar walimtaka, na mahakama ya huko ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Mwalimu akakataa kumtoa. Roho inaniuma kulikubali hili, lakini nalikubali: kama asingekuwa gerezani huku, angenyongwa kule.

Lakini rudini nyuma miaka mitatu. Mwaka 1969 wanasiasa wawili wa Zanzibar, Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, walitolewa Bara wakapelekwa Zanzibar, na huko wakauawa. Hanga aliwahi kuwa waziri katika Serikali ya Muungano. Hawakusafirishwa kwa hukumu ya jaji yeyote aliyewasikiliza wao na mawakili wao. Mkono uleule uliowaachia hawa waende ndio uliomshika Babu asiende. Sheria ya 1969 na sheria ya 1972 ni ileile, haikuguswa hata nukta. Kilichobadilika ni moyo wa mtu mmoja. Labda alijuta. Mimi naamini alijuta. Picha yake iko sebuleni kwa wazazi wangu mpaka leo, na atakayethubutu kuitoa atagombana na mimi kabla hajagombana nao. Lakini Hanga na Othman majuto yale yaliwafaa nini? Hiki ndicho ninachokililia, wala si kwamba Mwalimu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema kuliko wengi waliokuwa na madaraka kama yake barani kwetu, na bado chini yake watu wawili walikwenda kuuawa na wa tatu akapona kwa sababu safari hii Rais aliamua vingine. Sasa mpeni saini hiyo mtu asiye na wema ule.

Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, naye aliteseka, ila yeye alisimama mahakamani, akasomewa mashtaka ya uhaini, akajitetea, akahukumiwa maisha, akatoka 1972. Hata kifungo cha maisha kina karatasi inayosema umefungwa kwa nini.

Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza kama nchi ibaki na chama kimoja, iliitaja sheria hii miongoni mwa zile 40 ilizotaka zifutwe au zirekebishwe. Chama kimoja kilikwisha 1992. Fungueni sheria za nchi toleo la 2002, miaka kumi baadaye: imo, Sura ya 361. Tuliuvua mfumo, sheria yake tukabaki nayo. Na hata isipotumika, mazoea yake tunayo. Mtu anashitakiwa kwa kosa lisilo na dhamana, kila wiki mbili analetwa mahakamani kusikia "upelelezi haujakamilika", miaka inakatika. Wakikuambia hiyo ni kesi, wakumbushe kwamba kesi husikilizwa.

Nirudi kwa kijana wetu, maana sitaki aonekane mtu mbaya. Hana chuki. Hajawahi kuishi jirani na nyumba iliyochukuliwa mtu, basi. Mimi nililelewa kwa bibi, Tanga, na nyumba ya tatu kutoka kwetu baba mwenye nyumba alichukuliwa usiku kabla mimi sijazaliwa. Mkewe alibaki na watoto wanne. Bibi alikuwa akisema yule mama hakuwa mke, hakuwa mjane, hakuwa mtalikiwa. Kukaa eda hawezi, mume hajafa. Kuolewa hawezi, hajaachwa. Majirani walipunguza kupita pale, wengine wakaacha hata salamu, na bibi alikiri kwangu, akiwa mzee sana, kwamba na yeye alikuwa akizunguka njia ya nyuma kwenda kisimani. Mwizi wa mtaani akifungwa miaka mitatu mkewe anahesabu. Yule mama hakuwa na cha kuhesabu.

Siku moja mume akarudi, mchana, kwa miguu kutoka stendi, amebeba mfuko. Nilipokuwa mtoto nilimkuta mzee anayekaa barazani bila kuongea sana. Nikamuuliza bibi, babu yule alifanya nini?

Bibi akasema, "Hata yeye alikuwa anatuuliza sisi."