Wengine Wanaumwa Siku ya Zamu Tu

Maneno hayo sikuambiwa usoni. Yalisemwa uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jirani yangu wa chumba cha mbele alikuwa ameinama na fagio lake la chelewa, akizungumza na ndoo. Mimi nilikuwa kitandani, nyonga ya kushoto inawaka moto, nimeshika chupa ya maji nakunywa funda moja moja. Dirisha langu linatazama uani, na anayetupa kijembe katika nyumba ya kupanga anajua kila dirisha linatazama wapi.

Nyumba yetu iko Temeke. Vyumba sita, korido moja, choo kimoja, bafu moja. Kila mpangaji ana zamu yake: kufagia uani, kudeki korido, kusugua choo na bafu. Ukishamaliza ya wote ndipo unaanza ya chumbani kwako. Nina selimundu, ile mtaani wanayoiita sikoseli, na kwa miaka minne niliifanya zamu hiyo kama wenzangu kwa sababu niliona aibu kujieleza.

Chembe nyekundu za damu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Zangu huishi siku 10 hadi 20. Mwili unatengeneza, zinavunjika, unatengeneza tena, kama mtu anayefagia chini ya mwembe siku ya upepo. Ndiyo maana naamka nimechoka. Halafu chembe hizo zikikosa oksijeni hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanaposhika. Vinavyoyaamsha vinajulikana: baridi, kiu, uchovu, homa. Sasa fikiria zamu ya uani mwezi wa Julai, kipupwe kimeingia, alfajiri, mikono imo kwenye maji yaliyolala nje kwenye pipa usiku kucha, hujanywa hata chai. Utadhani zamu imepangwa na ugonjwa wenyewe.

Na kuna kuinama. Selimundu inaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukinyima damu, na daktari alishaniambia kuwa cha kwangu cha kushoto kimeanza kuharibika. Kudeki korido kwa tambara, mgongo umekunjwa, miguu imenyooka, kunanigharimu siku mbili za kulala. Nilinunua dekio la mpini mrefu. Wakacheka. Halifiki kwenye kona, walisema, na ni kweli, kwenye kona halifiki vizuri. Lakini nilichokisikia katika kile kicheko si habari ya kona. Kwetu mwanamke msafi ni yule anayeonekana ameinama kabla jua halijatoka. Ukifagia saa nne umesimama wima, hata uani ung'ae vipi, umefagia kivivu.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Usafi tumeuchanganya na maonyesho, na mimi maonyesho siyamudu. Kwa hiyo niliacha kujiuliza nini kitaonekana kichafu, nikaanza kujiuliza uchafu upi utanipeleka wodini. Majibu yalinishangaza. Wengi wetu wenye selimundu bandama zetu huharibika tungali watoto, hivyo bakteria wakiingia kwenye damu hatuna kinga nzuri ya kuwazuia. Salmonela, ambao kwa mtu mwingine ni siku chache za kuharisha, kwetu wanaweza kwenda kujenga kwenye mfupa. Malaria ikitupata inatumaliza damu upesi. Basi la kwanza kwangu ni maji yaliyotuama: ndoo zisizofunikwa, tairi la kijana wa bodaboda lililotupwa nyuma ya choo. La pili ni choo. La tatu ni kibao cha kukatia nyama na sufuria. Vumbi juu ya kabati la vyombo halijawahi kumlaza mtu wodini.

Vitambaa vya kochi nimevitoa vyote. Kumi na viwili, vya kufuma, vya kufuliwa na kupigwa wanga na kunyooshwa, kazi ya kuwapendeza wageni wanaokaa robo saa. Mama yangu alipokuja alikitazama kile kiti kitupu kama anatazama mtu aliyetoka bila kanga.

Mengine ni madogo madogo. Ndoo ya maji ya kufulia naiweka juani tangu saa tatu. Saa sita yamepata uvuguvugu na sijatumia mkaa. Nguo naloweka usiku, nafua tatu au nne kwa siku, sisubiri rundo la Jumamosi. Vyombo naosha nimekaa kwenye kigoda, beseni liko juu ya stuli, sio chini. Chupa ya maji ya kunywa inanifuata kila nendapo. Siku nikiwa mzima sifanyi kazi zote, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kujifunza, kwa sababu siku ya uzima inakudanganya uone una deni la kulipa.

"Mbona Jumamosi nilikuona kwenye shughuli unacheza?" aliniuliza jirani siku moja. Swali la haki. Nikamjibu kwa lugha ya nyumba: nguvu zangu ni za LUKU, ule umeme wa kununua kabla ya kutumia. Nikizitumia Jumamosi kwenye shughuli, Jumapili nina giza. Akasema, basi usiende kwenye shughuli. Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani hakuna jibu isipokuwa kwamba mtu hakuzaliwa ili adeki tu.

Inasemekana Tanzania huzaa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye ugonjwa huu. Ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa kabisa duniani. Zamani wengi wao walikufa kabla ya kufikia umri wa kupewa zamu. Sasa kuna kliniki, kuna chanjo, kuna dawa ya haidroksiyurea kwa wanaoipata, na watoto wanakua, wanaolewa, wanapanga vyumba. Wenye nyumba wajiandae, maana tunakuja na kodi zetu mkononi na nyonga zetu mbovu.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikaeleza. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, nikikuachia wewe, kesho nyumba nzima itaumwa." Sikumlaumu. Ana wapangaji sita na kila mmoja ana mgongo. Nikamwambia siombi kuachiwa, naomba kubadilishiwa. Ndani ya nyumba hii kuna kazi ambayo kila mtu anaikimbia kuliko choo: hesabu. Mita ya umeme ni moja, watu sita, mmoja ana friji, mmoja ana pasi, na kila wiki kuna ugomvi. Bili ya maji vilevile. Nikachukua daftari. Nakusanya pesa, nanunua umeme kwa simu, nalipa maji, nanunua sabuni na dawa ya choo, na anayekataa kutoa namfuata mimi. Zamu yangu ya deki anaifanya kijana wa chumba cha tano, nami namlipia sehemu yake ya maji.

Wanne wamekubali. Jirani wa chumba cha mbele bado anasema kubonyeza simu si kazi. Wiki iliyopita umeme ulikata saa mbili usiku, mimi nimelala, maumivu yameshika bega. Akagonga. Nikanunua nikiwa kitandani, nikamwandikia zile tarakimu 20 kwenye kipande cha karatasi, akaenda kwenye mita. Nikasikia mita ikilia kukataa. Ikalia tena. Mara ya tatu akarudi mlangoni na tochi ya simu yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile ni saba au moja.