Gemu Ikigeuzwa Filamu, Mtazamaji Anapewa Nini?

Waulize mashabiki wa gemu kwa nini filamu fulani iliboronga, jibu liko mdomoni: waliacha kuifuata gemu. Ushahidi wanao. Filamu ya Super Mario Bros. ya 1993 ilimchukua Bob Hoskins, aliyeigiza Mario, shujaa wa gemu hiyo, ikamtupa kwenye jiji la giza lenye viumbe wa ukoo wa dinosaria. Ikaanguka vibaya. Mwaka 2023 Nintendo, wenye gemu yenyewe, wakashirikiana na studio ya katuni ya Illumination, wakarudisha uyoga, mabomba ya kijani, hata mbio za magari kwenye upinde wa mvua. Ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3.

Ila hiyo ya 2023 hadithi yake ni nyepesi kama bisi. Uaminifu kwa gemu ulijaza kumbi, sawa. Kunogesha hadithi ni kazi nyingine.

Tazama The Last of Us, hadithi ya walionusurika baada ya dunia kuporomoka. Kwenye gemu ya 2013, Bill ni mzee mkorofi anayeishi peke yake katikati ya mitego yake. Mwenzake Frank tunamkuta amekwishajinyonga, ameacha barua ya chuki. Katika tamthilia ya 2023 ya kituo cha runinga cha HBO, watayarishi wake Craig Mazin na Neil Druckmann, ambaye ndiye aliyeiandika gemu yenyewe, waliyapindua yote hayo. Sehemu ya tatu inawapa Bill na Frank miaka ya mapenzi, chakula mezani na stroberi bustanini. Joel na Ellie, wahusika wakuu, wanawekwa pembeni kwa muda mwingi. Wapo waliokasirika. Kwangu mimi hakuna sehemu bora kuliko hiyo.

Mchezaji akiwa mjini kwa Bill hana nafasi ya kumfikiria sana. Anahesabu risasi, anatafuta betri ya gari, na hofu ni yake kwa sababu pedi ya kuchezea iko mikononi mwake. Mtazamaji kwenye kochi hana pedi. Ukimwonyesha mapigano yaleyale, umempa kazi ya kumwangalia mtu mwingine akicheza. Lazima alipwe kwa kitu kingine, na hapo alilipwa kwa watu.

Uhuru huo nao una mitego. Tamthilia ya Halo ya 2022, nayo iliyotokana na gemu, ilimvua mhusika wake mkuu, askari Master Chief, kofia yake tangu sehemu ya kwanza, wakati kwenye gemu uso wake hufichwa. Mashabiki wakaja juu. Ilipofika 2024, baada ya misimu miwili, ikasitishwa. Hapo siwaungi mkono moja kwa moja. Kofia ile ilikuwa kiti cha mchezaji, mahali pa kujiweka yeye mwenyewe, na kwenye runinga mchezaji hayupo, kwa hiyo kuivua kulikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba, ilipovuliwa, chini yake hakukuwa na mtu wa kutushughulisha.